Majilio huanza lini hasa? Hesabu iliyo nyuma ya kalenda ya Kanisa

Mwaka 2022 Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, yalianza tarehe 27 Novemba. Mwaka uliofuata yakaanza tarehe 3 Desemba. Noeli yenyewe haikusogea: 25 Desemba, miaka yote miwili. Kisha Pasaka ikaja 31 Machi mwaka 2024, 20 Aprili mwaka 2025, na 5 Aprili mwaka 2026. Anayeziona tarehe hizi kwenye kalenda ya ukutani bila maelezo anaweza kudhani kuna kamati fulani inayokaa kila mwaka kupanga. Hakuna kamati. Tarehe za karne nyingi zijazo zimeshajulikana, na mtu mwenye kalamu, karatasi na subira kidogo anaweza kuzipata mwenyewe.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kalenda ya Kanisa si moja. Ni kalenda mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine. Ya kwanza hufuata jua, na tegemeo lake ni tarehe moja isiyohama, 25 Desemba. Ya pili hufuata mwezi, na tegemeo lake ni Pasaka. Majilio huhama kwa sababu moja, Kwaresima huhama kwa sababu nyingine kabisa, na ukizichanganya sababu hizo mbili hutaelewa hata moja.

Majilio: kuhesabu kurudi nyuma

Tuanze na lililo rahisi. Majilio yana Jumapili nne kabla ya Noeli. Itafute Jumapili iliyo kabla ya 25 Desemba (kama Noeli imeangukia Jumapili, chukua ile ya wiki moja nyuma). Hiyo ndiyo Jumapili ya nne. Rudi nyuma wiki tatu, umefika Jumapili ya kwanza, ambapo mwaka mpya wa Kanisa hufunguliwa. Noeli ya 2026 ni Ijumaa, hivyo Jumapili iliyo kabla yake ni tarehe 20. Ondoa siku 21, unapata 29 Novemba. Hakuna mwezi wala jedwali hapo. Unachohitaji kujua ni Noeli imeangukia siku gani ya wiki.

Na kwa kuwa siku za wiki ni saba, nafasi za Jumapili ya kwanza nazo ni saba tu, kuanzia 27 Novemba hadi 3 Desemba. Baadhi ya vitabu hutoa kanuni inayoonekana kuwa tofauti: Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume, 30 Novemba. Kanuni ni ileile. Tarehe 30 Novemba iko katikati ya nafasi hizo saba, siku tatu kila upande, kwa hiyo Andrea amegeuzwa alama ya njiani tu.

Kinachobadilika ni urefu. Noeli ikiwa Jumapili, kama 2022, Majilio huwa na siku 28 kamili. Ikiwa Jumatatu, kama 2023, hubaki siku 22, na ile inayoitwa wiki ya nne huwa ni siku moja. Asubuhi ya 24 Desemba 2023 iliadhimishwa Jumapili ya nne ya Majilio, na jioni yake mkesha wa Noeli. Waliopamba makanisa mwaka ule hawana haja ya kuelezwa. Hali hiyo itarudi mwaka 2028.

Kwa Wakatoliki kuna kinga dhidi ya ufupi huo. Sehemu ya kwanza ya Majilio hufuata wiki, lakini kuanzia 17 hadi 24 Desemba masomo ya siku za katikati ya wiki hupangwa kwa tarehe. Wiki ya nne ikikatwa, masomo yanayoielekea Noeli moja kwa moja hayapotei pamoja nayo. Jambo jingine dogo ambalo wengi hulisahau: Jumapili ya liturujia huanza jioni ya Jumamosi, kwa hiyo mwaka wa Kanisa ulioanza 30 Novemba 2025 ulifunguliwa hasa jioni ya tarehe 29.

Wala hizi Jumapili nne hazikushuka kutoka mbinguni. Katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, Wakristo wa karne za 5 na 6 walianza maandalizi ya Noeli kwenye sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, na sinodi ya Mâcon ya mwaka 581 iliagiza kufunga Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tangu siku hiyo hadi Noeli. Roma ilishika kipindi kifupi, na desturi ya Roma ndiyo iliyoenea. Milano, inayofuata liturujia ya Mtakatifu Ambrosi, bado ina Majilio ya wiki sita. Waorthodoksi hawana Majilio kwa maana hii. Wana mfungo wa siku 40 unaoanza 15 Novemba, na hauhitaji hesabu ya Jumapili kabisa.

Na 25 Desemba yenyewe imetoka wapi? Ushahidi wa zamani zaidi ni almanaki ya Roma ya mwaka 354, ambayo ndani yake kuna orodha inayorudi nyuma hadi mwaka 336. Wapo wanaosema tarehe ilichaguliwa kushindana na sikukuu ya kipagani ya Jua Lisiloshindwa. Wengine husema ilitokana na kuhesabu miezi tisa kutoka 25 Machi, siku iliyoaminiwa kuwa ya kutungwa mimba kwa Yesu. Wanahistoria bado wanabishana, lakini kwa hesabu ya kalenda ugomvi wao haubadilishi kitu.

Pasaka na mwezi wa kwenye karatasi

Hapa ndipo ugumu ulipo. Injili zinaweka mateso na ufufuko wa Yesu wakati wa Pasaka ya Wayahudi, ambayo hufuata mwezi: siku ya 14 ya mwezi wa Nisani, yaani wakati mwezi ni mpevu. Wakristo wa mwanzo walirithi mwezi huo na kurithi mgogoro pamoja nao. Wale wa Asia Ndogo waliadhimisha siku ya 14 yenyewe, iwe Jumanne au Alhamisi. Roma na wengine wengi walishikilia kwamba ufufuko ulitokea siku ya kwanza ya juma, kwa hiyo lazima iwe Jumapili. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba karibu mwaka 190 Papa Viktor alitaka kuwatenga Wakristo wa Asia Ndogo, na Ireneo wa Lyon akamsihi adumishe amani.

Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ulioitishwa na Kaisari Konstantino, ulikubaliana kwamba Makanisa yote yaadhimishe Pasaka siku moja. Mara nyingi husemwa kuwa Nikea ndiyo iliyoandika kanuni tunayoitumia. Si hivyo hasa: kati ya kanuni 20 za mtaguso ule hakuna hata moja inayotoa fomula. Hesabu yenyewe iliendelezwa baadaye, hasa na wataalamu wa Aleksandria, na mwaka 525 mmonaki Dionysius Exiguus aliandaa majedwali kwa ajili ya Roma. Ndiye pia aliyeanza kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo.

Kanuni, kwa ufupi wake wa kawaida, ni hii: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Tarehe 21 Machi inasimama badala ya siku ile ambayo mchana na usiku hulingana, mwanzo wa majira ya kuchipua kwa nchi za kaskazini. Mwezi mpevu ukiangukia Jumapili yenyewe, Pasaka husogea wiki moja mbele. Ndilo lililotokea 2025: mwezi ulikuwa Jumapili ya 13 Aprili, Pasaka ikawa tarehe 20.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Mwezi unaotajwa kwenye kanuni hii si ule ulio angani. Kanisa halisubiri mwezi uonekane wala halimuulizi mwanafalaki. Linatumia mwezi uliokwisha kuhesabiwa kwenye jedwali, na hata 21 Machi ni tarehe iliyogandishwa. Siku hizi, kwa saa za Greenwich, mlingano halisi wa mchana na usiku huangukia zaidi tarehe 20.

Jedwali hilo limejengwa juu ya ugunduzi uliohusishwa na Meton wa Athene, mwaka 432 kabla ya Kristo: miaka 19 ya jua inakaribia kulingana kabisa na miezi 235 ya mwandamo, na tofauti ni kama saa mbili tu. Kwa hiyo mwezi mpevu hurudi karibu tarehe zilezile kila baada ya miaka 19. Kila mwaka hupewa namba yake kati ya 1 na 19, iitwayo namba ya dhahabu, na namba hiyo ndiyo inayokuonyesha tarehe ya mwezi mpevu wa Pasaka.

Unaweza kuona mashine hii ikifanya kazi bila kufungua jedwali. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kwa hiyo kila mwaka mwezi mpevu wa Pasaka hurudi nyuma siku 11. Mwaka 2025 ulikuwa 13 Aprili. 2026 ni 2 Aprili. 2027 ni 22 Machi. Mwaka 2028 ungekuwa 11 Machi, lakini hiyo iko kabla ya 21 Machi, haifai. Basi unachukuliwa mwezi unaofuata, siku 30 mbele: 10 Aprili. Kutoka hapo itafute Jumapili inayofuata kila tarehe, nawe unapata Pasaka za 20 Aprili, 5 Aprili, 28 Machi na 16 Aprili. Mruko ule wa 2028 ndio unaoizuia Pasaka isizunguke mwaka mzima kama unavyozunguka mwezi wa Ramadhani, unaofuata mwandamo bila kurekebishwa na jua.

Pasaka ya mapema kabisa ni 22 Machi, ilivyokuwa 1818 na itakavyokuwa tena 2285. Ya mwisho kabisa ni 25 Aprili, ilivyokuwa 1943 na itakavyokuwa 2038. Kati ya hapo kuna tarehe 35, na mfuatano wake haujirudii kikamilifu hadi ipite miaka 5,700,000. Nadhani hakuna ratiba nyingine ya wanadamu yenye matumaini makubwa kiasi hicho.

Je, karatasi na anga hutofautiana? Mara chache, lakini ikitokea tofauti huwa kubwa. Mwaka 2019 mlingano halisi ulikuwa jioni ya 20 Machi kwa saa za Greenwich, na mwezi mpevu ukaja saa chache baadaye, kabla ya alfajiri ya tarehe 21. Kwa kuangalia mbingu, Pasaka ingekuwa 24 Machi. Lakini jedwali liliuweka mwezi ule tarehe 20 Machi, siku moja kabla ya mpaka, ukakataliwa. Mwezi uliofuata ulikuwa 18 Aprili, na Pasaka ikaadhimishwa 21 Aprili, wiki nne nzima baadaye.

Siku kumi zilizofutwa

Jedwali la zamani lilikuwa na kasoro iliyokua polepole. Kalenda ya Julius Caesar iliupa mwaka siku 365 na robo, wakati mwaka halisi wa jua ni mfupi kwa kama dakika 11. Dakika hizo hufanya siku nzima kila baada ya miaka 128 hivi. Kufikia karne ya 16, mlingano wa kweli ulikuwa umerudi hadi karibu 11 Machi huku Kanisa likiendelea kusema 21.

Papa Gregori XIII, kwa kufuata mpango wa tabibu Aloysius Lilius uliotetewa na Mjesuiti Christopher Clavius, aliagiza mwaka 1582 kwamba Alhamisi ya 4 Oktoba ifuatwe na Ijumaa ya 15 Oktoba. Siku kumi zikafutwa. Miaka ya mwisho wa karne ikaacha kuwa mirefu isipogawanyika kwa 400, ndiyo maana 1900 haikuwa na 29 Februari na 2000 ilikuwa nayo. Jedwali la mwezi nalo likarekebishwa. Nchi za Kiprotestanti hazikukimbilia kumfuata Papa. Uingereza ilikubali mwaka 1752 tu.

Makanisa mengi ya Kiorthodoksi yameendelea kuhesabu Pasaka kwa kalenda ya Julius hadi leo. Tarehe yao ya 21 Machi ni 3 Aprili ya kalenda ya kawaida, na mwezi wa jedwali lao umechelewa siku kadhaa nyuma ya ule wa angani. Wakati mwingine matokeo hukutana siku moja kwa bahati, kama 20 Aprili 2025, na itakuwa hivyo tena 16 Aprili 2028. Wakati mwingine yanaachana sana: mwaka 2024 magharibi iliadhimisha 31 Machi na mashariki 5 Mei. Husemwa kwamba Waorthodoksi husubiri kwanza Pasaka ya Wayahudi ipite. Hesabu yao haiangalii kalenda ya Kiyahudi hata kidogo. Pasaka yao huwa baadaye kwa sababu kalenda yao imechelewa.

Kinachofuata Pasaka, na wiki inayopotea

Ukishaipata Pasaka, mengine ni kuhesabu vidole. Jumatano ya Majivu ni siku 46 kabla. Kwa nini 46, wakati Kwaresima husemwa kuwa siku 40? Kwa sababu Jumapili sita zilizomo hazihesabiwi kuwa siku za kufunga. Kupaa kwa Bwana ni siku ya 40 ukianza na Pasaka yenyewe, daima Alhamisi, ingawa nchi nyingi huihamishia Jumapili inayofuata. Pentekoste ni siku ya 50. Utatu Mtakatifu ni Jumapili baada yake. Kwa mwaka 2026: Majivu 18 Februari, Pasaka 5 Aprili, Kupaa 14 Mei, Pentekoste 24 Mei, Utatu 31 Mei.

Baada ya hapo kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndipo kalenda ya jua na ya mwezi zinapolazimika kupatana. Kati ya mwisho wa kipindi cha Noeli na Majivu, na tena kati ya Pentekoste na Majilio, kuna wiki zisizokuwa za sherehe yoyote kubwa. Wakatoliki huziita Kipindi cha Kawaida. Mwanzo wake umefungwa na Noeli, mwisho wake umefungwa na Noeli inayofuata, na katikati Pasaka inaingia popote inapotaka. Pasaka ikiwahi, sehemu ya kwanza hukatwa katika wiki ya 4. Ikichelewa, hufika ya 9.

Kipindi hiki huwa na wiki 33 au 34. Sherehe ya Kristo Mfalme lazima iwe Jumapili ya 34, mara moja kabla ya Majilio. Ili hilo liwezekane, sehemu ya pili huhesabiwa kurudi nyuma kutoka mwisho, na wiki moja ikikosa nafasi huachwa kimyakimya. Mwaka 2026 Kwaresima inaanza katikati ya wiki ya 6. Baada ya Pentekoste unarukia wiki ya 8. Wiki ya 7 haipo. Mwaka 2025 iliyokosekana ilikuwa ya 9, na mwaka 2024 hakuna iliyokosekana. Msomaji anayefuata masomo ya kila siku akiona pengo hilo asidhani kitabu kimekosewa.

Mpangilio huu si wa kale. Ulitokana na marekebisho ya Papa Paulo VI ya mwaka 1969, na Kristo Mfalme yenyewe ilianzishwa mwaka 1925 na Papa Pio XI, kwanza ikiwa mwishoni mwa Oktoba. Walutheri na Waanglikana wengi hutatua tatizo lilelile kwa njia nyingine: huhesabu Jumapili baada ya Utatu, wakiendelea mbele hadi Majilio yawakatize. Pasaka ikiwahi, Jumapili hizo huwa nyingi. Ikichelewa, huwa chache. Hakuna wiki inayorukwa, ila namba ya mwisho hubadilika kila mwaka.

Ugomvi mwingine hutokea sikukuu yenye tarehe maalumu inapoangukia siku nzito zaidi. Tarehe 25 Machi 2024, Kupashwa Habari kwa Bikira Maria, iliangukia Jumatatu ya Juma Kuu. Juma Kuu halimpishi mtu, kwa hiyo sherehe ilisubiri hadi octava ya Pasaka, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, ipite na kuadhimishwa 8 Aprili. Mwaka huohuo 8 Desemba, siku ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ilikutana na Jumapili ya Majilio, na kwa kanuni ya jumla ikahamia tarehe 9. Majedwali ya daraja za sikukuu yapo kwa ajili ya hilo tu: nani ampishe nani.

Kuna pia herufi A, B na C zinazoonekana kwenye vitabu vya masomo ya Jumapili, kwa kuwa masomo hayo huzunguka kwa miaka mitatu. Mwaka unaogawanyika kwa tatu bila baki ni C. Mwaka 2025 ulikuwa C, 2026 ni A, na kumbuka kwamba A hiyo ilianza na Majilio ya Novemba 2025, si Januari.

Majaribio ya kuituliza Pasaka hayajakosekana. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1928 ya kuiweka Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Aprili, haijawahi kutekelezwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1963 kwamba hauna pingamizi Pasaka ikiwekwa Jumapili maalumu, mradi wahusika wengine wakubali. Mwaka 1997, mkutano ulioandaliwa na Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Aleppo, Syria, ulipendekeza kuachana na majedwali yote mawili na kutumia mlingano na mwezi halisi, kwa kupimia Yerusalemu. Kwa hesabu hiyo Pasaka ya 2019 ingekuwa 24 Machi. Lakini miaka mingi anga hukubaliana na jedwali la Gregori, kwa hiyo mzigo wa kuhama ungewaangukia zaidi Makanisa ya mashariki, na pendekezo limebaki kwenye makaratasi.